Jina Nisiloliandika

Madam Generoza tulimzika Ilembo, nyuma ya nyumba yake, pale shamba la mahindi linapoanzia. Ujumbe ulinikuta kazini mchana wa jana yake, nikapanda basi la alfajiri bila hata kuaga vizuri. Nilipofika, wanaume walikuwa wamekwisha kuchimba, wamekaa juu ya matofali wanakunywa maji. Upande wa jikoni wanawake walikuwa wameketi duara, huyu anapepeta mchele, yule anaosha sufuria. Nikajifunga kanga kiunoni ili na mimi nishike kazi. Mama mmoja mnene, mwenye mvi za kuhesabika mbele ya kilemba, alisogea kwenye gunia alilokalia, akaninyooshea kisu, akasema, "Vitunguu ni vile pale. Katakata vidogo." Sauti niliijua kabla ya uso. Ilikuwa miaka kumi na minane sijaisikia. Nikasema, "Milembe." Akajibu, "Vero," kana kwamba tuliachana asubuhi ile ile. Nikakaa karibu naye tukakata vitunguu. Nashukuru vilikuwa vitunguu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza kwa nini machozi yangu yalianza kabla ya jeneza kutolewa ndani.

Nimeishi miaka mingi na watu wananiita sista, nimezalisha wanawake wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nikiulizwa nilijifunzia wapi kazi hii huwa nataja chuo, ambacho siku hizi hakipo tena. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha watu binafsi, mabati mekundu na ukuta ambao haukumalizika upande wa nyuma, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mtaa wa Makanyagio, Mpanda. Lakini nikiwa peke yangu najua kwamba kilichonifanya niwe huyu niliye si miaka yote ya pale. Ni mwaka mmoja tu, wa pili na wa mwisho, ambao ulianza na harufu ya maziwa.

Chumba chetu hosteli kilikuwa cha vitanda vinne, lakini mwaka ule tulilala wawili, mimi na Milembe, kwa sababu dari la upande wa mlango lilikuwa linavuja. Tuliweka masanduku yetu juu ya vitanda vitupu, kamba ya nguo ikapita katikati. Milembe alikuwa ametoka kwao, upande wa wafugaji kule chini ya Kasekese, baada ya likizo ndefu. Alikuwa amenenepa shingo, na macho yalikuwa yamechoka. Alianza kuoga mara tatu kwa siku. Kila alipotoka bafuni, chumba kilibaki na harufu tamu iliyoanza kuchacha, na sare zake mbili alizifua kila jioni hata kama hazina doa. Mtu mwingine angesema ni usafi wa Kisukuma. Mimi niliijua harufu ile. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimesimama jikoni kwa dada yangu Skola, Kasekese, ninakamulia bakulini huku mwanangu analia chumba cha pili, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana azoee maziwa ya ng'ombe kabla mimi sijaanza chuo. Siku moja nikamfuata Milembe bafuni. Nilimkuta ameinama kwenye sinki, kikombe cha plastiki mkononi, anamimina. Hakushtuka. Alisema tu, "Funga mlango." Nikafunga. Nikamwambia, "Usikamue kwa kuvuta, utapata jipu. Bonyeza kutoka juu, hivi." Akanitazama. "Umejuaje?" Nikamwambia nina mtoto, anaitwa Deusi, yuko kwa dada, na kila mtu pale kijijini anamwita mtoto wa Skola. Milembe alikuwa mtu wa kwanza niliyemwambia sentensi hiyo, na kwa muda mrefu sana akabaki wa mwisho.

Mtoto wake alikuwa binti, anaitwa Limi. Alizaliwa mwanzoni mwa likizo, na baba yake Milembe alisema mtoto aliyepatikana chuoni akalelewe huko huko chuoni. Kwa hiyo Milembe alirudi Mpanda na kichanga cha miezi mitatu, akamwacha Makanyagio kwa mwanamke aliyejulikana kwa jina la Mama Sada. Mumewe alikuwa na duka la vitenge na ndoo karibu na stendi, mtu wa swala tano na maneno machache. Uani kwao kulikuwa na chumba kirefu kilichowahi kuwa stoo ya mpunga, na humo, juu ya mikeka miwili, kulikuwa na watoto wanne, wakati mwingine watano. Wote walikuwa wa wanachuo. Mama Sada hakuuliza jina la ukoo wala jina la baba. "Mimi nauliza kitu kimoja tu," aliniambia siku ya kwanza nilipomsindikiza Milembe. "Kadi ya kliniki iko wapi? Mtoto akiwa na kadi, ana kwao."

Nilikipenda chumba kile na nilikiogopa. Tulikuwa tunakwenda mchana baada ya kipindi cha nne, tunatembea haraka vichochoroni kama watu waliotumwa dukani. Milembe alikuwa anaketi kwenye kona, anamnyonyesha Limi, macho amefumba. Mimi nilikuwa nawalisha wengine uji. Mama Sada alipika migebuka, samaki wa ziwani, akaikaanga kisha akaitia kwenye mchuzi wa nyanya, na hata siku moja hakukubali tuondoke bila kutia mkono kwenye sahani. Kutoka uani ulisikia mazungumzo ya dukani, wateja wanalalamikia bei ya vitenge, na mara moja nilisikia mwanamke akimwuliza mzee mwenye duka, "Hawa watoto wote ni wajukuu zenu?" Mzee akajibu, "Mungu ametujalia." Milembe alicheka kimya kimya mpaka Limi akaachia ziwa. Nikiwa nawalisha watoto wa watu nilikuwa nafikiria Deusi anakula nini. Halafu nilikuwa nainuka, nanawa, narudi darasani kujifunza dalili za mtoto aliyepungukiwa maji.

Mwezi wa pili wa muhula Madam Generoza aliniita. Alikuwa mshauri wa wanafunzi, mwanamke mrefu, mkavu, wa Kifipa, ambaye hatukuwahi kumwona anakimbia wala anapaza sauti. Mimi nilikuwa waziri wa afya kwenye serikali ya wanafunzi, cheo cha kugawa sabuni na vyandarua. Ofisi yake ilitenganishwa na ya mkuu wa chuo kwa ubao mwembamba, na nilipokuwa nasubiri kwenye benchi nilisikia maneno yao. Mkuu alikuwa anasema, "Madam, tukianza kuwabembeleza, chuo hiki kitajaa watoto." Madam akajibu kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma matangazo, "Kimekwisha kujaa, mkuu. Ila sisi hatuwaoni." Kisha mkuu akasema, "Haya. Mwaka mmoja. Lakini nataka uniambie ni wangapi." Madam alipotoka kwa mkuu, aliniingiza ofisini kwake, akanipa daftari jipya la kurasa chache, akaniambia nitafute wanafunzi wanaolea. Wa kike na wa kiume. Mkuu angepewa idadi, majina yangebaki kwake. Kile chumba kilichokuwa stoo ya viti nyuma ya maktaba angekitia mkeka, beseni na pazia, mtu aweze kunyonyesha. Mwenye mtoto mgonjwa angepata kikaratasi cha ruhusa, na kama siku hiyo ana mtihani, angepangiwa siku nyingine. "Sitaki mwanafunzi adisko, aachishwe chuo, kwa sababu mtoto wake ana homa," alisema. Nikamwuliza kwa nini asibandike tangazo. Akasema, "Nilibandika mwaka jana. Hakuja hata mmoja. Wataongea na mtu anayewaelewa." Alipotamka neno hilo alinitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. Nilidhani ananisifia.

Nilizunguka wiki tatu na lile daftari ndani ya mfuko wa sare. Nilijifunza kwamba mtu anayeficha mtoto hujulikana kwa vitu vidogo. Anakuwa wa kwanza kutoka bwaloni, simu ameiweka mapajani wakati wa kipindi, na mkate wa chai anaufunga kwenye karatasi. Grace wa mwaka wa kwanza alikubali upesi, akalia, akauliza kama nitaandika na jina la mtoto. Wengine walikuwa wakali. Mmoja aliniambia, "Nyie viongozi mnatumwa na mkuu. Leo mnaandika, kesho tunaitwa na wazazi." Kijana mmoja, Sostenesi, ambaye sikumfikiria kabisa, alinifuata mwenyewe chini ya tangi la maji. Mkewe alikuwa amemwachia mtoto wa mwaka mmoja akaenda zake Tabora kwa treni, na kila asubuhi alikuwa anamfunga mgongoni kumpeleka kwa Mama Sada kabla majirani hawajaamka, kwa sababu walikuwa wanamcheka. "Niandike mimi wa kwanza," alisema. "Nimechoka kujificha kama mwizi na mtoto wangu mwenyewe." Niliandika jina lake, na nilimwonea wivu.

Milembe nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilidhani ndiye rahisi. Ilikuwa jioni, kabla ya kengele ya chakula, amekaa kitandani anatia viraka soksi za Limi. Nikafungua daftari nikasema, "Sasa ni zamu yako." Hakuinua kichwa. Akauliza, "Wako wangapi?" Nikasema watano. Akasema, "Nisomee." Nikamsomea. Akauliza, "Na wewe uko ukurasa gani?" Nikalifunga daftari. Akasema, "Vero, nakuuliza wewe. Hicho kitu ni kizuri au si kizuri?" Nikamwambia ni kizuri, namwamini Madam. "Basi jiandike, niandike." Nikaanza kueleza. Nilisema Deusi halelewi hapa, yuko kwa dada, hana shida ya ruhusa, kwa hiyo sihesabiki. Nilisema nikijiandika wengine watasema nimeanzisha jambo hili kwa faida yangu. Nilisema kijijini wakisikia, dada ataaibika. Kila neno lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Milembe alikata uzi kwa meno, akasema, "Kama wewe uliyeshika kalamu unaogopa, mimi niliyeshika mtoto nifanyeje?" Tukaenda bwaloni. Tulikula ugali na maharage, na daftari lilikuwa linanichoma kiunoni.

Kesho yake nililipeleka. Madam alisoma majina matano taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akafika mwisho, akageuza ukurasa, akaangalia upande wa pili uliokuwa mtupu. "Ndio wote?" Nikasema, "Ndio, Madam." Hakufunga daftari. Aliliacha wazi mezani, kalamu juu yake, mdomo wa kalamu ukielekea kwangu, akainuka akaenda dirishani kufungua pazia ambalo tayari lilikuwa wazi. Alisimama kule kitambo, akinipa mgongo. Mimi nilitazama kalenda ya ukutani. Mwishowe akasema, "Haya, Veronika. Asante," na mimi nikatoka nje nikijiona nimeponea chupuchupu.

Kinachonitesa ni kwamba aliyoahidi yalikuwa kweli. Kama lile daftari lingekuwa mtego, leo ningekuwa shujaa wa kumwokoa Milembe. Haikuwa hivyo. Viti vilitolewa, mkeka ukaingia, pazia la maua likatundikwa. Grace alikuwa ananyonyesha humo saa nne, anarudi darasani na uso uliotulia. Mtoto wake alipopata malaria alipewa kikaratasi, akakaa naye siku tatu, akafanya jaribio lake wiki iliyofuata peke yake ofisini kwa Madam. Sostenesi alisogezewa zamu za wodini ziwe za mchana. Hakuna mzazi aliyeitwa. Milembe aliyaona yote hayo. Mara mbili alinikuta nimesimama karibu na mlango wa kile chumba. Mara ya pili alisema, bila hasira, "Mimi bado niko tayari. Ukijiandika leo, leo hii na mimi najiandika." Nikamwambia tungoje mtihani wa vitendo upite, kisha tutakwenda pamoja. Aliridhika. Alikuwa mtu wa kuamini neno likitamkwa, na mimi nilikuwa nimelitamka.

Mtihani wa vitendo ulikuwa wodini, wakati mvua zimekolea na visima vya Makanyagio vimejaa maji ya rangi ya chai. Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa, na mkaguzi alikuwa anapita na karatasi. Ukikosa bila ruhusa, unarudia mwaka. Tulikuwa tumepangwa wodi ya watoto, mimi na Milembe, na tulikuwa bado tumesimama kwenye kibaraza tunavaa aproni aliponionyesha simu. Mama Sada alikuwa ameandika kwamba Limi ameharisha tangu jana, ametapika uji, na mwili una moto. Milembe alisoma tena ile meseji. Kisha akaniuliza, na nakumbuka alivyouliza, kwa sababu hakuwa anauliza, alikuwa ananiomba: "Ni meno, siyo?" Limi alikuwa na miezi saba. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwenye somo la watoto. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeandika ukurasa mzima kuhusu kuharisha na kutapika. Nikamwambia, "Ni meno. Mwambie ampe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Maliza mtihani kwanza, hauzidi saa mbili." Akaandika hivyo. Akaweka simu kwenye aproni. Tukaingia.

Hazikuwa saa mbili. Mkaguzi alichelewa, akaanza na kundi lingine, na ilikuwa karibu saa sita tulipofikiwa. Nilikuwa ninapima joto la mtoto wa mtu nilipoona Mama Sada anaingia, viatu vimejaa tope, amefunga kitu kifuani kwa ushungi wake wenyewe. Bodaboda ilikuwa imewaleta. Nesi wa zamu alimpokea, akamfunua mtoto kitandani, akambonyeza ngozi ya tumbo. Ngozi haikurudi. Utosi ulikuwa umebonyea kama kikombe. Nesi aliuliza kwa haraka, "Mama wa mtoto yuko wapi?" Mama Sada alinitazama mimi, akamtazama Milembe aliyesimama na trei ya pamba hatua tatu kutoka pale, akamwona mkaguzi na karatasi yake. Nilimwona anawaza. Akasema, "Mama yake amesafiri. Mimi ni bibi." Alifikiri anamwokoa Milembe asipoteze masomo. Nesi akasema, "Wewe mwanafunzi, njoo unishikie mguu." Alikuwa anamwita Milembe.

Milembe aliweka trei chini. Alikuja, akashika mguu wa mtoto wake kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa, kifundo na goti. Nesi alitafuta mshipa wa kwanza, ukakataa. Wa pili, ukakataa. Limi hakuwa analia tena, alikuwa anatoa sauti ndogo kavu. Kisha akafumbua macho. Aliiona sare, akainua mkono akaanza kupapasa vifungo, pale alipozoea kupapasa kila mchana kwenye kona ya ile stoo ya mpunga. Nesi, mama mwema mwenye watoto wake, alitabasamu katikati ya haraka zake akasema, "Huyu mtoto amekupenda, mwanafunzi." Niliona mgongo wa Milembe umetulia tuli. Aliachia mguu, akafungua vifungo, akamchukua mtoto, akaketi naye sakafuni mbele ya mkaguzi na kina mama wote wa wodi ile, akampa ziwa. Akasema, "Ni wangu. Anaitwa Limi. Ni wangu mimi." Limi alishika ziwa lakini hakuwa na nguvu ya kuvuta. Maziwa yalimmwagikia shavuni. Nesi alipiga magoti pale pale chini, akaendelea kutafuta mshipa, akaupata kichwani. Walifanya yote waliyoweza. Mimi nilisimama na kipimajoto mkononi, na hata kile kidogo nilichokuwa nacho, yaani kusema nilimjua, sikukitoa. Limi alifariki saa kumi jioni.

Madam Generoza alikuja na viatu vyake vya ofisini vilivyolowa. Alikaa na Milembe kwenye benchi la nje, bega kwa bega. Nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia. Alisema, "Mwanangu, kwa nini hukuja kwangu?" Nilingoja jina langu. Nililingoja kwa mwili mzima, na nadhani sehemu yangu ilikuwa inaliomba. Milembe akajibu, "Niliogopa, Madam." Basi. Mama Sada alimwosha mtoto, mzee akatoa kitambaa cheupe dukani, na tulimzika kesho yake asubuhi, watu tusiozidi kumi na watano. Baba yake Milembe alifika na fimbo yake mazishi yamekwisha. Alisimama kwenye kile kilima kidogo cha udongo, akavua kofia, akamwambia binti yake kwa Kisukuma maneno mawili au matatu. Baadaye nilimwuliza Milembe alisema nini. "Amesema alidhani ananitisha tu. Alikuwa anangoja nimrudishe mtoto nyumbani."

Madam alimwombea arudie mtihani, na mkuu alikubali. Milembe hakutaka. Alikunja sare zake mbili, akaziweka kwenye kitanda kitupu, akaniambia, "Hizi zitakutosha ukizipunguza urefu." Hakukasirika. Ningeweza kuishi na hasira yake. Aliondoka na baba yake kwa lori la mahindi, na mimi nikabaki chumbani na vitanda vinne. Kwa wiki nyingi bado nilikuwa nakwenda Makanyagio mchana kulisha watoto uji, mpaka siku moja Mama Sada aliponiambia kwa upole, "Mwanangu, wewe nenda kamwone wako." Milembe alikuwa amemwambia. Sikwenda tena pale, na Kasekese pia sikwenda mpaka likizo.

Siku ile ya mazishi Ilembo, baada ya watu kula, mimi na Milembe tulisuuza sufuria bombani. Aliniambia ana watoto wanne, anauza mchele, mumewe ni mtu mzuri. Alisema Madam alikuwa anafika kwao kila mwaka baada ya mavuno, anakaa siku moja, anaondoka. "Tulikuwa tunaongea habari zako," alisema. Nikauliza zipi. Akasugua sufuria kwa majivu, kisha akasema, "Alijua, Vero. Tangu siku unaingia chuo. Ile fomu ya daktari ya kujiungia, daktari wenu alikuwa ameandika kwamba umeshazaa mara moja. Madam alisema karatasi ya daktari si ya kumwumbulia mtu. Ndiyo maana alikupa wewe lile daftari. Alisema ukijiandika wewe, wote watakuja." Nikamwuliza kama Madam alinilaumu. "Hapana. Alijilaumu yeye. Alisema angekuuliza tu." Nikataka kumwambia habari ya meno, kwamba nilijua si meno. Nilifungua mdomo. Milembe alinishika mkono wenye majivu, akasema, "Na mimi nilijua. Usilisemee hapa." Akabeba sufuria mbili akaingia ndani, na hakurudi nilipokuwepo.

Deusi sasa ni mwanaume, anaendesha lori la mbao kwenda Sumbawanga, anatuma salamu kila sikukuu. Ananiita mama mdogo. Nimeandaa maneno ya kumwambia mara nyingi, na kila mara naona uso wa dada Skola, aliyemlea bila kulalamika, na naona sina haki hata ya kukiri. Lakini kuna wakati nilikuwa na haki hiyo, na sasa nimejua kulikuwa na mtu amenishikia mlango.

Ilikuwa mahafali, mwisho wa mwaka ule ule. Dada Skola alikuja na Deusi, amemvisha shati jeupe na viatu vinavyombana. Cheti nilikuwa nacho mkononi tayari, kimesainiwa, hakuna mkuu wala sheria iliyoweza kukichukua. Madam Generoza alikatiza uwanja kuja kutusalimu. Alimpa dada mkono, kisha akachuchumaa mbele ya mtoto, gauni lake likigusa vumbi, akamwuliza jina. Akalitamka, "Deusi," kama mtu anayelionja. Akainuka. Hakumtazama dada, alinitazama mimi. "Na huyu ni nani wako, Veronika?" Aliuliza polepole, akangoja. Muziki ulikuwa unapigwa, watu wanaitana, hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Nikasema, "Ni mtoto wa dada." Madam alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya. Hongera," akaenda kwa wengine. Mpiga picha alikuwa anatusubiri. Alisema mhitimu asimame pembeni kidogo kwanza, anataka kumpiga mama na mtoto wake. Dada Skola akamwinua Deusi, akamfuta kamasi kwa kanga, na mimi nikasogea kuwapisha.